Haki Iliyomkuta Kaburini

Tarehe 21 Februari 1965, Al-Haji Malik El-Shabazz, maarufu kwa jina la Malcolm X, aliuawa kwa risasi jijini New York mbele ya mkewe na binti zake. Mwaka uliofuata, wanaume watatu walihukumiwa kifungo cha maisha. Mmoja wao alikiri mahakamani, akatamka kuwa wenzake wawili, Muhammad Aziz na Khalil Islam, hawakuhusika. Hakusadikiwa.

Tangu mwaka 1963, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kuamua kwamba ushahidi unaomtetea mshtakiwa usifichwe. Hata hivyo, polisi wa jiji na shirika la upelelezi la FBI walikuwa na taarifa ambazo zingeweza kuwaokoa Waislamu hao weusi, wakazikalia.

Aziz alitoka gerezani mwaka 1985, na Islam mwaka 1987, wote wakiitwa wauaji. Novemba 2021 mahakama ilizifuta hukumu zao. Aziz alikuwa na miaka 83. Islam hakuisikia habari hiyo, kwani alifariki mwaka 2009. Fidia ya dola milioni 36 ilikubaliwa mwaka 2022, lakini haikumrudishia mtoto yeyote malezi ya baba yake.

Enyi wazazi, tuwafundishe wanetu kuwa sheria njema haimlindi mtu iwapo wenye kuujua ukweli wameuficha. Tuanzie nyumbani: mtoto asiadhibiwe kabla hajasikilizwa, na aliyeona asinyamaze.