Kituo cha Polisi si Ofisi ya Kudai Madeni

Wasee wa Plateau na Eldoret, tuambiane ukweli. Siku hizi biashara ya mabeste wawili ikikufa, mmoja hafikirii korti. Anakimbilia OB.

Chukua mfano. Mmoja anatoa pesa ya mbegu na mbolea, mwingine anasimamia shamba la kukodi. Mvua inakawia, bei ya mahindi inaanguka, pesa inaisha. Hiyo ni hasara. Lakini mwenye pesa anaandikisha kwamba ametapeliwa, na Ijumaa jioni mwenzake anabebwa. Katiba inasema afikishwe kortini ndani ya saa 24, ila muda ukiisha korti ikiwa imefungwa, anangoja siku inayofuata ya korti. Yaani Jumatatu. Wikendi nzima ndani ya seli, na nyumbani wanatafuta ng'ombe wa kuuza walipe deni ambalo hakuna hakimu amesema lipo. Hapo polisi wamegeuzwa kuwa auctioneer wa mtu binafsi.

Na sheria haiko hivyo. Kujipatia pesa kwa uongo, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, ni hadi miaka 3 jela. Lakini kifungu cha 312 kinataka uongo kuhusu jambo lililopita au lililopo. Ukiniambia shamba ni lako na si lako, umenidanganya. Ukisema tutavuna magunia 200 na tukavuna 50, hiyo ilikuwa ahadi. Kesi ya Oware ya 1989 ilisema hivyo hivyo. Na 2013, kwenye kesi ya polisi na KCB, Mahakama ya Rufaa ilikataa kabisa jinai itumike kama silaha kwenye mizozo ya madai.

Utaniambia, "Na matapeli je?" Wapo, tena wengi. Mwenye risiti feki au shamba hewa, mpeleke polisi mbio. Kifungu cha 193A kinaruhusu kesi ya jinai na ya madai kwenda pamoja, kwa hivyo mkataba haumfichi mwizi. Swali ni moja tu: alidanganya tangu mwanzo, ama biashara imekataa?

Kama imekataa na deni halizidi shilingi milioni 1, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Unajisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60.

Kabla ya kutoa ganji, andikeni: nani anatoa nini, na hasara mtagawana vipi. Pingu hazijawahi kurudisha mahindi yaliyokauka.