Ukurasa wa Mama: Siki Nzito ya Nyumbani na Jina Lake la Kweli



Katika maduka makubwa ya miji yetu, karibu na mafuta ya zeituni na makopo ya tomati, huonekana chupa nyeusi za siki itokayo Italia. Chupa moja ina siki nyepesi kama maji. Nyingine ina kitu kizito, cheusi, kitamu na kikali pamoja, kinachotiririka polepole kama asali. Watu waliokula arusini au hotelini wamekiona kimemiminwa kwa mistari myembamba juu ya nyama au jibini, nao wauliza: Kitu hicho ni nini? Je, lazima tukinunue kwa bei ile?

Juma hili twajibu. Kitu hicho kwa asili yake ni siki iliyochemshwa polepole mpaka ikapungua na kuwa nzito. Mama mwenye moto mdogo, sufuria ifaayo na saa moja ya uvumilivu aweza kuifanya mwenyewe. Lakini kwanza yafaa tujue siki hiyo yatoka wapi, maana habari yake ina fundisho hata kwa mama ambaye hataipika kamwe.

Nchi ya siki

Siki si kitu kigeni kwa Mkristo. Katika Kitabu cha Ruthu, Boazi alimkaribisha yule mjane mgeni achovye tonge lake katika siki pamoja na wavunaji. Na pale Kalvario askari walimpa Bwana wetu sifongo yenye siki. Askari wa Roma walizoea kunywa divai chungu iliyochanganywa na maji. Watu wa kale hawakuitupa divai iliyochacha. Waliipatia kazi nyingine.

Siki tunayoizungumzia leo hutoka kaskazini ya Italia, katika miji miwili jirani, Modena na Reggio Emilia. Kidogo upande wa magharibi uko mji wa Parma, ambako Mtakatifu Guido Maria Conforti alianzisha shirika la Wamisionari Wasaveri mwaka 1895. Wakristo wa Uvira na Bukavu wawajua vema, kwa kuwa mapadri wa shirika hilo waliingia Kongo mwaka 1958. Hivyo nchi ile ya siki ndiyo jirani ya nyumba mama ya wamisionari hao.

Sifa ya siki ya huko ni ya zamani sana. Katika vilima vya Reggio kuna magofu ya ngome ya Canossa, ile ile ambako mfalme Heinrich IV alikuja mwaka 1077 kuomba toba mbele ya Papa Gregori VII. Mmonaki mmoja wa Canossa, jina lake Donizone, aliandika maisha ya Matilda, bibi wa ngome ile. Humo asimulia kwamba Heinrich III, baba ya mfalme yule, alitamani siki iliyosifiwa ya Canossa, naye Bonifacio, baba ya Matilda, akampelekea. Hayo yalikuwa mwaka 1046.

Siki ya miaka 12

Siki ya kweli ya mapokeo haianzi na divai. Huanza na maji ya zabibu yaliyokamuliwa, yakapikwa katika masufuria makubwa yaliyo wazi mpaka yakawa mazito na meusi. Kisha huachwa yachachuke, nayo huwekwa katika safu ya mapipa ya mbao, kila pipa dogo kuliko lililotangulia. Mapipa hayo ni ya miti mbalimbali, kama mwaloni, mforosadi na mcheri, na kila mti huipa siki harufu yake. Hukaa juu, chini ya paa la nyumba. Wakati wa joto maji hupotea hewani. Wakati wa baridi siki hupumzika.

Kila mwaka hutolewa siki kidogo tu katika pipa dogo kabisa. Upungufu wake hujazwa kutoka pipa linalofuata kwa ukubwa, na la pili kutoka la tatu, hata pipa kubwa hupokea maji mapya ya zabibu yaliyopikwa. Kwa sheria, siki hiyo hungoja miaka 12 hata kidogo kabla ya kuuzwa, na ile iitwayo nzee sana hungoja miaka 25. Ya Modena hutiwa katika chupa ndogo ya mililita 100, baada ya kuonjwa na waonjaji maalum.

Desturi moja ya huko yatupendeza. Binti anapozaliwa, wazazi huanzisha safu ya mapipa kwa ajili yake, ili siku ya ndoa aende nayo kwa mumewe. Wazazi hao wajua kwamba siki ya binti haiwezi kununuliwa juma moja kabla ya arusi. Lazima ianze angali katika mbeleko.

Majina matatu, vitu vitatu

Sasa angalieni vema, maana hapa ndipo wanunuzi wengi wadanganyika.

Siki tuliyoisimulia huandikwa *Aceto Balsamico Tradizionale*, yaani siki ya balsamu ya mapokeo. Jina hilo lalindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya tangu mwaka 2000. Bei yake ni kubwa, nayo si ya kupikwa motoni: hutiwa matone machache tu juu ya chakula kilicho tayari.

Ya pili huandikwa *Aceto Balsamico di Modena*, pasipo neno lile la *Tradizionale*. Jina lake lilipata ulinzi wa sheria mwaka 2009. Hiyo ni mchanganyiko wa siki ya divai na maji mazito ya zabibu, nayo hukaa katika mapipa ya mbao siku 60 hata kidogo. Ni siki njema ya kila siku. Siku 60 hata hivyo si miaka 12, na mfanyabiashara akiiuza kwa sifa za ile ya kwanza, amekosa haki.

Ya tatu ni ile nzito ya chupa laini ya kubinya, iitwayo *glassa* au *crema*. Mara nyingi uzito wake hautoki katika umri. Hutoka katika wanga na sukari zilizotiwa kiwandani. Haina ubaya kwa anayejua anachonunua. Lakini someni maandishi madogo nyuma ya chupa kabla ya kutoa fedha, maana fedha hiyo pengine ni daftari za mtoto au sabuni ya juma zima.

Namna ya kupika

Twaeni chupa moja ya nusu lita ya siki ile ya pili, isiyo ya bei kubwa. Imimineni katika sufuria pana ya chuma kisichoshika kutu, yaani ya inoksi, au ya enameli isiyobanduka. Wekeni juu ya mbabula yenye makala machache. Ikianza kuchemka, punguzeni moto, itokote polepole tu. Fungueni mlango na madirisha, kwa kuwa mvuke wa siki huuma macho na koo. Watoto wadogo wasikae karibu.

Wapendao utamu zaidi watie kijiko kimoja au viwili vya meza vya sukari au asali tangu mwanzo. Korogeni mara kwa mara kwa kijiko cha mbao. Kwa moto mdogo kazi hii yataka nusu saa, pengine zaidi. Mwanzoni mapovu huwa madogo na ya haraka; mwishoni huwa makubwa, mazito na ya polepole. Hapo msiondoke hata kidogo, maana toka uzito mwema hata kuungua ni dakika chache tu.

Siki ikibaki kama theluthi moja, ipimeni. Tieni tone juu ya sahani baridi, kisha pitisheni kidole katikati. Njia ya kidole ikibaki wazi, siki imeiva. Iondoeni motoni ingawa yaonekana nyepesi bado, kwa sababu huzidi kuwa nzito inapopoa. Ikiwa ngumu kama sukari iliyogandishwa, rudisheni motoni na kijiko cha maji moto, mkikoroga. Ikiungua na kuwa na harufu ya moshi, haina dawa.

Ikipoa, tieni katika chupa safi ya kioo yenye kifuniko. Wenye friji waiweke humo, nayo itakaa majuma machache. Asiye na friji apike kidogo kidogo na kuitumia upesi.

Asiyepata siki ya Modena asihuzunike. Kikombe kimoja cha siki ya divai nyekundu, nusu kikombe cha sukari na chumvi kidogo sana, vikichemshwa hivyo hivyo mpaka vibaki kama nusu, vyafanya siki nzito nyekundu iliyo tamu na kali. Si ya Modena, na haidai kuwa ya Modena.

Matumizi yake ni mengi. Kijiko kidogo chatosha juu ya tomati mbichi na vitunguu, juu ya kuku wa kuchoma, juu ya sambaza za kukaanga, au juu ya kipande cha jibini la Masisi. Tieni wakati wa kupakua, si mapema. Wenye kutumia asali wakumbuke kwamba asali haifai kabisa kwa mtoto asiyetimiza mwaka mmoja.

Onyo juu ya sufuria

Neno hili lawahusu hata wale wasiotaka siki. Msipike siki katika sufuria ya alumini, hasa ile iliyoyeyushwa na kusubuliwa kwa vipande vya zamani vya magari na mitambo. Siki hula madini. Wachunguzi walipima sufuria za namna hiyo katika nchi mbalimbali za Afrika, kama Cameroon, wakaona kwamba nyingine hutoa madini ya risasi katika chakula kikali. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, nayo haina harufu wala ladha ya kumwonya mama. Tomati na ndimu nazo ni kali. Basi mwenye sufuria ya alumini peke yake asizipike humo kwa muda mrefu, wala asiache mchuzi wa tomati ulale humo hata asubuhi. Auhamishe katika bakuli la kioo, la udongo au la enameli. Na siku akiweza kununua sufuria moja ya inoksi, hata ndogo, hiyo yastahili fedha kuliko chupa yoyote ya siki.

Tena kuna asidi kali isiyopunguzwa na maji, ambayo wengine huiuza kwa jina la siki. Hiyo huunguza kinywa na tumbo. Msiipike wala msiiweke mahali watoto wafikapo.

Jina la kweli

Wamama wapendwa, mmeona tofauti. Moto waweza kufanya kwa nusu saa kitu kinachofanana na kazi ya miaka. Waweza kuondoa maji, waweza kuleta uzito na utamu. Hauwezi kuleta miaka yenyewe. Hapo hapana aibu. Aibu huanza pale mtu anapoivika kazi ya nusu saa jina la kazi ya miaka 12.

Baadhi yenu mwauza chakula sokoni, penye kituo cha magari au mbele ya nyumba. Mkipenda kuuza siki hii nzito katika vichupa, andikeni juu yake: siki iliyopikwa nyumbani, na siku iliyopikwa. Msiandike Italia. Mnunuzi akiipenda, atarudi kwa sababu ya mikono yenu, si kwa sababu ya jina la kuazima. Wazee walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Na mtoto aonaye mama yake akikataa kuandika uongo juu ya kichupa kidogo, huyo amejifunza amri ya nane pale jikoni, kabla katekista hajafungua kitabu.

Nanyi binti zetu, kumbukeni safu ile ya mapipa chini ya paa. Kuna vitu vya nyumba ambavyo moto wa haraka watosha kuvipika. Lakini kusoma, kuaminiana kwa mume na mke, na heshima ya jina la mtu, hivyo ni siki ya mapipa: huanza mapema, huongezwa kidogo kila mwaka, na hakuna duka liviuzavyo juma moja kabla ya arusi.

Pikeni kwa furaha, na Mungu abariki meza zenu. Kwaherini mpaka juma lijalo.