Mbali na Jinsia, Ulizeni na Wiki!

Wewe wa Kirumba mzima? Na wewe wa Igoma uliyebanwa kwenye daladala? Haya, leo tuache habari za nani kaachana na nani. Tuongelee utrasaundi.

Vijana wengi wa hapa Mwanza mkishanasa mimba mnasubiri tumbo litokeze kisawasawa, mwezi wa saba hivi, ndipo mnaongozana kwenda kupima. Swali moja tu: wa kike au wa kiume? Mkishajibiwa, mbio Mlango Mmoja kusaka vinguo. Raha yake sikatai, lakini kuna maswali mawili makubwa zaidi mmeyaacha. Mimba ina wiki ngapi? Na je, kuna dalili ya kuzaa njiti?

Njiti ni mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 37. Msidhani ni bahati mbaya ya wachache: mwaka 2020 walizaliwa njiti kama milioni 13.4 duniani, yaani mtoto mmoja kati ya kila kumi.

Tuanze na wiki. Mimba ikiwa changa, watoto karibu wote wana kimo kimoja, ndiyo maana mashine inakadiria umri vizuri. Ukichelewa, mmoja kanenepa, mwingine mwembamba, hesabu inayumba. Ndiyo maana tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mjamzito apimwe utrasaundi japo mara moja kabla ya wiki 24. Hapo pia mtajua kama ni mapacha, maana hao wana haraka ya kutoka.

Pili, shingo ya kizazi. Kati ya wiki ya 18 na 24 daktari anaweza kupima urefu wake. Ikiwa chini ya milimita 25, hatari ya njiti inapanda. Kipimo kizuri hupitia ukeni, dada usishtuke, hakidhuru mtoto. Ikionekana fupi si kwamba mambo yameharibika: kuna dawa ya projesteroni, na wengine hushonwa uzi. Lakini si kila anayepimwa utrasaundi huangaliwa shingo, kwa hiyo uliza, hasa kama uliwahi kuzaa njiti.

Sasa fikiria uko Ukerewe, uchungu unakushika usiku, maji ya ziwa yako kati yako na Bugando. Ipo sindano ya kukomaza mapafu ya mtoto, lakini huchomwa kwa kuangalia wiki. Kama kadi yako haina wiki za uhakika, nesi atakisia, na kukisia kunaweza kumgharimu mtoto pumzi.

Hata kazini wiki zina maana. Mwaka 2025 sheria ya kazi ya Tanzania ilirekebishwa: mama aliyeajiriwa akijifungua njiti, likizo yake inaongezwa zile wiki zilizobaki kufika 40. Utazihesabuje kama hukujua ulianzia wapi?

Ila utrasaundi si mganga wa kila kitu. Haioni malaria wala maambukizi ya mkojo, na vyote hivyo vinaweza kuleta njiti. Kliniki iko palepale, na chandarua kile kile. Tumbo likibana-bana, damu ikitoka au chupa ikipasuka kabla ya wakati, usingoje kuche wala kumuuliza shoga yako. Hospitali moja kwa moja!

Na wewe kaka unayejifanya mambo ya kliniki ni ya akina mama, mshiko wa kujirusha wikendi moja uweke pembeni, mpeleke mwenzio mapema. Jinsia mtaambiwa tu, na msipoambiwa mtaiona siku ya siku. Wiki je, nani atawarudishia?

Haya, tukutane wiki ijayo. Msalimieni mama kijacho!