Kilomita 91 chini ya udongo: kazi ya Genève haijaanza, lakini maneno yamekwisha kuanza

Hapa kwetu tunajua vile shimo linaanzaka. Mutu anaona jiwe lenye rangi ya majani, anapiga piki, na juma linalofuata watu mia wako chini. Habari ya maji, ya udongo, ya nyumba za pembeni, hiyo inakuja kiisha.

Ku mupaka wa Uswisi na Ufaransa, pembeni ya Genève, wako wanatayarisha shimo kubwa kwa namna ingine. CERN ni shirika la inchi 25, lilianza mwaka 1954. Kazi yake ni kutafuta vitu vyote vimetengenezwa na nini, mpaka ndani ya atome. Leo liko na tuneli ya mviringo ya kilomita 27. Mule wanakimbiza vipande vidogo sana na kuvigonganisha, na mwaka 2012 njo walivumbua kipande kinaitwa boson ya Higgs, kisha kukitafuta karibu miaka 50. Lakini ile mashine itamaliza kazi karibu mwaka 2041. Nini itafuata?

Wataalamu wanapendekeza tuneli mupya, kilomita 91, metri 200 hivi chini. (Mutu wa Kipushi, mwenye kujua kushuka zaidi ya metri 1000, atacheka.) Mashine ya kwanza ingewaka mu miaka ya 2040 kwenda mwisho, ya pili mu miaka ya 2070. Maana yake, wengi wenye kuandika mpango huu hawataona mwisho wake.

Neno gumu ni makuta. Wanahesabu karibu miliari 15 za franga za Uswisi. Ujerumani, inchi inayolipa zaidi kupita zingine, ilisema waziwazi mu 2024 kama bei hiyo inaisumbua. Matajiri wamoja waliahidi kusaidia, lakini ahadi yao haifiki hata sehemu moja ya kumi. Mu mwezi wa tano 2026 baraza la CERN linapashwa kupitisha mpango wa miaka inayokuja. Hata wakiupitisha, ruhusa ya kuchimba bado: hiyo wanaingojea karibu 2028. Inchi zinaweza kukataa.

Kwa muchimbaji, kitu cha kuangalia ni kingine. Ile tuneli itatoa mamilioni ya metri kibe ya mawe laini. Mu 2021, miaka kumi mbele ya piki ya kwanza, CERN ilifungua mashindano: nani anajua kazi ya kufanya na mawe hayo? Udongo wa kulima? Matofali? Tena, mu ramani ya kwanza kulikuwa nafasi 12 za kushukia. Sasa zimebaki 8, na 7 ziko Ufaransa. Walima wa kule na watu wa mazingira hawajatulia kwa hiyo. Wanauliza juu ya mashamba, juu ya maji, juu ya umeme yenye mashine itakula, na wamoja wanapinga mpango wote. Lakini wanauliza wakati shamba bado ni shamba.

Siye tuna ule mulima mweusi wa Lubumbashi, chini ya cheminée ya Gécamines. Wazee wetu waliutupa miaka na miaka kama takataka. Kiisha ikaonekana mule kobalti na germanium. Hakuna aliyeuliza kwanza.

Sheria ya mines ya 2018 inalazimisha kampuni kuandikiana na wenyeji cahier des charges mbele ya kuanza kuchimba, na kutoa asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo yao. Ni kitu. Lakini wakati chifu anaitwa ku meza, permis imekwisha kutoka, na neno la kusema « hapana, musichimbe hapa » halipo tena mu mazungumzo. Ku Genève, mpaka 2028, neno hilo bado liko ku meza.