Chujio la Begani na Chumvi ya Delta

Mjini kuna mtindo umeingia. Kijana akipanga kwenda kupanda Uluguru au kulala hemani ufukweni, kabla hajanunua viatu vya maana keshanunua chujio la maji. Lile dogo la kubeba begani, saizi ya hindi la kuchoma, unafyonza kama mrija wa soda. Mimi ninalo na ninalipenda. Ila nimechoka kusikia likitajwa kama dawa ya shida ya maji vijijini. Tangu mafuriko ya Aprili 2024 kule Rufiji na Kibiti, kila kikao cha michango ninachopita hakikosi mtu wa kusema: "Tuwapelekee vichujio, yaishe."

Yaishe? Haya, tuanze na kifaa chenyewe.

Ndani yake kuna nyuzi nyembamba mfano wa tambi, zenye uwazi katikati. Ukuta wa kila uzi una vitundu vya mikroni 0.1 hivi, yaani sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Vijidudu vya kipindupindu na taifodi havipiti hapo, amiba nao hawapiti. Virusi vinapita, maana ni vidogo zaidi. Ndiyo maana mtu mwenye akili zake hubeba na vidonge vya klorini: chujio linakamata vile vijidudu sugu ambavyo klorini inashindwa kuviua, klorini inamalizia virusi. Na kama maji ni ya tope, chuja kwanza kwa kitambaa, la sivyo nyuzi zitaziba na utabaki unavuta mashavu mpaka yaume.

Chumvi je? Chumvi ikishayeyuka haizuiliwi na vitundu vile hata kidogo. Fyonza maji ya chumvi, utapata maji ya chumvi yasiyo na wadudu.

Hapo ndipo delta ya Rufiji inapotucheka. Nilikwenda kikazi, nikashuka Bungu, nikashika njia ya Nyamisati, kisha boti. Kibiti mjini chujio lilifanya kazi safi kabisa kwenye maji ya kisima. Ndani ya delta ni habari nyingine. Bahari inaingia kwenye mikono ya mto na kutoka, kujaa na kupwa, na wakati wa bamvua inapanda mbali kuliko mgeni anavyodhani. Mikoko kushoto, mikoko kulia, maji kila upande, na hakuna tone la kunywa. Nilipotoa chujio ili ninywe maji niliyojaza Bungu, nahodha akalitazama kwa makini.

"Mwanangu, hiyo inatoa munyu?"

"Haitoi, mzee."

"Basi ya huko huko kwenu."

Hakuwa na kejeli. Alikuwa anauliza swali ambalo sijawahi kulisikia kwenye vikao vyetu vya michango. Kijijini nilikolala, maji ya kunywa yalikuja kwa mtumbwi, kwenye madumu ya njano. Kulikuwa na visima vifupi pia, lakini akina mama waliniambia kiangazi kikikaza vinageuka chumvi, na hapo mvua ya mwisho iliyokingwa ndiyo inahesabiwa kikombe kwa kikombe. Mto ukipungua nguvu, bahari inasogea juu. Siku hizi nguvu hiyo haitegemei mvua peke yake, kwa kuwa kule juu kuna Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa Desemba 2022. Mkulima wa mpunga wa delta ana haki ya kujua maji yatafunguliwa lini na kiasi gani. Hiyo ni mada ya siku nyingine, nitaiandika.

Kuna mtu atasema zipo mashine za kuondoa chumvi za kubebeka. Zipo. Mabaharia wanazo kwenye boti za kujiokolea, unapampu kwa mkono. Ile ndogo kabisa inatoa chini ya lita moja kwa saa. Mpe mama mwenye watoto watano halafu umuulize kesho yake mkono unaendeleaje.

Tukiacha chumvi, kugawa vifaa tu kwenyewe kuna historia yake, na wala si mbali. Mwaka 2011, magharibi mwa Kenya, kaya karibu 900,000 ziligawiwa bure LifeStraw Family, chujio la kutundika nyumbani. Kampuni ilitegemea kurudisha gharama kwa kuuza hewa ya ukaa, kwa hoja kwamba mwenye chujio hatachoma kuni kuchemshia maji. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2017 walikuta kwamba miaka miwili mitatu baada ya mgao, asilimia 19 tu ya kaya ndizo zilikuwa zinalitumia. Mimi sioni kwamba Waluhya wana kasoro. Kifaa kikiharibika na duka la vipuri hulijui, utafanya nini kama si kukigeuza pambo la ukutani?

Linganisha na Mtanzania mwenzetu Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha, aliyeshinda tuzo ya uvumbuzi wa kihandisi Afrika mwaka 2015 kwa chujio la mchanga na chembe za nano. Wazo lake ni kwamba chujio hutengenezwa kufuatana na uchafu wa mahali husika. Unapima maji kwanza, halafu ndipo unatengeneza. Sisi tunanunua kwanza, kisha tunatafuta maji ya kuyachuja.

Delta imejaliwa mvua. Kinachokosekana ni mahali pa kuikinga. Nyumba nyingi nilizoziona zimeezekwa makuti, na makuti hayakusanyi maji ya maana, yanatoa maji ya rangi ya chai. Lakini shule ina bati. Zahanati ina bati. Msikiti una bati. Mfereji wa kukingia, tanki lenye mfuniko na bomba, dawa ya klorini ya kutia kwenye dumu na kusubiri nusu saa, na fundi wa pale pale kijijini wa kuziba tanki likivuja. Havipendezi kwenye picha kama kijana anayefyonza dimbwi kwa mrija, najua.

Kwa hiyo kikao kijacho, wenzangu mnaopokea michango, kabla ya kuagiza katoni la vichujio pigeni simu kwa mwenyekiti wa kijiji mnachotaka kukisaidia. Muulizeni maji yake ni ya tope au ya chumvi, na zahanati yake ina bati ngapi juu na tanki la lita ngapi chini.