Leseni ya kulungu Marekani: Bei ni moja, ila silaha na tarehe ndizo zinazoamua

Kuanzia katikati ya Septemba kila mwaka, misitu ya jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, huanza kupokea wawindaji. Wanachotafuta ni kulungu wa mkia mweupe, mnyama ambaye nyama yake hujaza friza za familia nyingi za huko kwa miezi kadhaa.

Leseni hununuliwa kwa simu, dakika chache tu. Kazi ni kuchagua ipi. Zipo tatu kuu: ya bunduki, ya upinde wa kawaida, na ya krosibo, yaani upinde uliofungwa kwenye kitako kama cha bunduki na kufyatuliwa kwa kidole. Mkazi wa jimbo hulipa dola 24 kwa kila moja.

Kwa kuwa bei inafanana, ni rahisi kudhani haki nazo zinafanana. Hapana. Mtu anaweza kuwa na leseni halali mfukoni na bado akahesabika mwindaji haramu, kwa sababu tu silaha aliyobeba siku hiyo haijafikiwa na msimu wake.

Kila jimbo na kanuni zake

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki utaratibu huu unaweza kuonekana mgeni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania inauruhusu kwa leseni, chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na serikali kuu ndiyo msimamizi.

Marekani ni tofauti. Kulungu yuko chini ya jimbo, si Washington. Kila jimbo linapanga tarehe, silaha na ada zake. Na suala hili haliwahusu wenyeji wa huko peke yao: Wisconsin ni miongoni mwa majimbo yaliyopokea wakimbizi kutoka Kongo, na mgeni yeyote aliyehamia huko anaweza kuingia kwenye foleni hiyohiyo ya leseni.

Sheria ya Wisconsin inamhesabu mtu kuwa mkazi, kwa ajili ya leseni, akishaishi humo kwa siku 30. Jirani yake, Minnesota, inadai siku 60. Asiyefikisha hulipa ada ya mgeni, ambayo ni kubwa mara kadhaa.

Kalenda inasemaje?

Msimu wa upinde na krosibo huanza katikati ya Septemba na kwenda hadi mapema Januari. Msimu mkuu wa bunduki ni wa siku 9 tu. Unaanza Jumamosi inayotangulia sikukuu ya Thanksgiving, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya Novemba.

Siku hizo 9 zikiisha, zinafuata siku 10 za gobore, bunduki inayoshindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni. Hapa Wisconsin haidai leseni nyingine. Leseni ya bunduki inatosha, ila bunduki ya kisasa inabaki nyumbani.

Mwenye leseni ya bunduki anaweza pia kutumia upinde au krosibo, lakini ndani ya msimu wa bunduki tu. Septemba na Oktoba leseni yake haimsaidii kitu kwenye msimu wa upinde. Kinyume chake hakipo kabisa: mwenye leseni ya upinde haruhusiwi kuwinda kulungu kwa bunduki, hata katikati ya zile siku 9.

Na akiamua kuingia porini na upinde wake siku hizo, lazima avae kama wenye bunduki. Nusu ya nguo ya juu, kuanzia kiunoni kwenda juu, iwe ya rangi ya chungwa inayong'aa au ya waridi inayong'aa. Kofia nayo vilevile. Risasi haijui nani ana leseni ya nini.

Kwa nini silaha igawiwe tarehe?

Sababu ni hesabu ya wanyama. Bunduki ya kisasa yenye darubini inampata kulungu aliye mbali zaidi ya mita 150. Mwenye upinde anahitaji kumsogelea, mara nyingi chini ya mita 40, bila kusikika wala kunuswa. Wengi wao hurudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa hiyo jimbo linafanya biashara ya kubadilishana. Silaha kali hupewa muda mfupi, silaha dhaifu hupewa muda mrefu. Kuna na jambo la pili: nusu ya kwanza ya Novemba madume huhangaika kutafuta majike na hupunguza tahadhari. Wakati huo walio porini ni wa upinde na krosibo. Wa bunduki huingia baadaye.

Ukitazama hivyo, leseni ya bunduki inanunua silaha bora, na ya upinde inanunua siku bora. Mnunuzi anayeangalia dola 24 tu anapitwa na jambo hilo.

Hesabu hiyo inaendelea hadi kwenye mnyama mwenyewe. Leseni ya bunduki huja na kibali cha dume mmoja. Ya upinde au krosibo nayo huja na kibali cha dume mmoja. Wasio na pembe wana vibali vyao vya pembeni, ambavyo idadi yake hutegemea eneo. Akishaua, mwindaji anatakiwa kumsajili mnyama kabla ya saa 11 jioni ya siku inayofuata.

Krosibo yawagawa wawindaji

Mgogoro mkubwa wa sasa uko hapa. Kabla ya mwaka 2014, krosibo Wisconsin ilikuwa hasa ya wazee na watu wenye ulemavu. Mwaka huo ikafunguliwa kwa kila mtu, ikapewa leseni yake, na msimu wake ukaenda sambamba na wa upinde.

Matokeo yake ni kwamba krosibo sasa inaua kulungu wengi kuliko upinde wa kawaida. Wapinzani wanasema ni silaha inayokaribia bunduki kwa urahisi wa kulenga, lakini imepewa tarehe za upinde. Wanataka msimu wake ufupishwe.

Watetezi wana hoja pia. Krosibo inamwezesha mtu ambaye bega lake haliwezi tena kuvuta upinde, au kijana asiye na miezi ya kufanya mazoezi, kubaki porini. Katika jimbo ambalo wawindaji wanapungua, kumfungia mtu mlango si jambo dogo.

Kwa mnunuzi, njia rahisi ipo: akilipa dola 24 kwa moja kati ya upinde na krosibo, ya pili anaongeza dola 3 tu. Lakini asidanganyike. Dola 3 zinaongeza silaha, haziongezi dume wa pili.

Ukivuka mpaka, unaanza upya

Leseni ya Wisconsin inaishia kwenye mpaka wa Wisconsin. Minnesota inatenganisha leseni ya bunduki, ya upinde na ya gobore. Mtu aliyezoea gobore ya "bure" ya Wisconsin akivuka mto Mississippi na imani hiyo, amejitia matatani.

Illinois, upande wa kusini, hutoa vibali vya bunduki kwa kaunti maalumu. Kwa miaka mingi raifo hazikuruhusiwa kwa kulungu huko. Mwaka 2023 zikaruhusiwa raifo za risasi moja moja. Pennsylvania nayo ina msimu unaoanza baada ya Krismasi kwa ajili ya gobore za zamani zinazowashwa kwa jiwe la kiberiti pekee.

Kosa la jimbo moja linaweza kukufuata. Sheria ya shirikisho iitwayo Lacey Act, ya mwaka 1900, inafanya kusafirisha mnyama aliyewindwa kinyume cha sheria kutoka jimbo moja hadi jingine kuwa kosa la kitaifa. Isitoshe, karibu majimbo yote yana mkataba wa kutambua adhabu za wenzao. Ukinyang'anywa leseni kwa jirani, na kwenu unaweza kuikosa.

Mgeni, viza na bunduki

Hapa ndipo kosa la leseni linaweza kuwa kosa la jinai. Sheria ya shirikisho inawakataza watu wenye viza za muda, wakiwamo wanafunzi, kumiliki au kushika bunduki na risasi. Lakini ina mlango mmoja muhimu: mwenye leseni halali ya uwindaji iliyotolewa Marekani hahesabiwi katika katazo hilo.

Maana yake, kwa mwanafunzi huyo leseni ndiyo inayofanya bunduki aliyoshika iwe halali. Leseni za uwindaji za Wisconsin huisha Machi 31. Ikiisha bila kununuliwa nyingine, kinga nayo inaondoka.

Wakimbizi waliopokelewa rasmi na wenye grini kadi hawamo katika katazo la viza za muda. Wanaoishi bila vibali wamekatazwa bunduki moja kwa moja, na leseni haiwasaidii.

Sharti jingine ni mafunzo. Aliyezaliwa Januari 1, 1973 au baada ya hapo lazima awe na cheti cha usalama wa uwindaji. Asiye nacho anaweza kuwinda chini ya mwenyeji mzoefu anayekaa umbali wa mkono wake, lakini bado kila mmoja anahitaji leseni yake.

Fedha zinakwenda wapi?

Ada hizi ndizo zinazolipa sehemu kubwa ya ulinzi wa wanyama, kuanzia askari wa wanyamapori hadi upimaji wa ugonjwa hatari wa kulungu ujulikanao kama CWD, uliogunduliwa Wisconsin mwaka 2002.

Kuna na fedha za shirikisho. Tangu mwaka 1937, sheria ya Pittman-Robertson inaelekeza ushuru wa bunduki na risasi kwenye uhifadhi. Bunduki ndefu na risasi hutozwa asilimia 11. Nusu ya mgawo wa jimbo hufuata ukubwa wa ardhi, nusu nyingine idadi ya wenye leseni. Mtu anahesabiwa mara moja, awe na leseni moja au tatu.

Hapo ndipo wasiwasi ulipo. Mwaka 2000 Wisconsin iliuza karibu leseni 700,000 za kuwinda kulungu kwa bunduki. Sasa ziko chini ya 600,000. Kuuza leseni nyingi kwa watu walewale hakuzibi pengo hilo lote. Jimbo linahitaji watu wapya, na watu wapya ndio wanaochanganywa zaidi na kanuni hizi.

Basi ipi?

Aanze na kalenda. Mwenye likizo ya wiki moja tu mwezi Novemba, ya bunduki inamtosha, na gobore anaipata humohumo. Mwenye jioni na wikiendi nyingi kuanzia Septemba, au anayewinda kandokando ya miji ambako bunduki mara nyingi hairuhusiwi kufyatuliwa, achukue upinde au krosibo.

Anayenunua kifurushi asome ndani. Kile cha dola 60 kina uvuvi, wanyama wadogo na kulungu kwa bunduki, lakini hakina upinde. Cha dola 165 kina bunduki, upinde na krosibo pamoja na mengine mengi. Anayenunua leseni ya kulungu kwa mara ya kwanza, akiwa mkazi, hulipa dola 5 tu.

Mwisho ni ardhi. Hakuna leseni inayofungua geti la shamba la mtu. Ruhusa ya mwenye shamba ni lazima. Asiye na rafiki mwenye shamba ana misitu ya umma, ukiwamo Chequamegon-Nicolet wa kaskazini, na humo leseni ya dola 5 ina nguvu sawa na ya dola 165, mradi silaha na tarehe vinalingana.