Nguruwe wa Bunge na simba wa Isinya

Hapa Kitengela ukitaja nguruwe, mtu anakuuliza unataka kilo ngapi na kama ni ya kuchoma au ya kukaanga. Lakini Mei 14, 2013 nguruwe walishushwa mbele ya lango la Bunge pale Nairobi, damu ikamwagwa barabarani, na nchi nzima ikaacha shughuli zake kutazama. Boniface Mwangi na wenzake walikuwa wamechoshwa na wabunge ambao hata viti havijapata joto walikuwa wanadai Sh851,000 kwa mwezi, badala ya Sh532,500 walizopangiwa na Tume ya Mishahara (SRC). Mnyama ni yuleyule tunayekula wikendi. Kilichompa maana mpya ni lango alilosimama mbele yake.

Wengi wanakumbuka siku hiyo kama maandamano tu. Mimi naiita sanaa, tena ile ngumu zaidi, ambayo msanii hana karatasi wala rangi. Ana mwili wake, vitu vichache, na mahali alipochagua. Ukiihamisha inakufa. Hebu peleka nguruwe wale Uhuru Park uone kama kuna mtu atageuza shingo.

Mwangi alikuwa ameshafanya hivyo mwaka mmoja nyuma. Juni 2012 majeneza meusi 49 yalibebwa kupitia katikati ya jiji hadi Bunge, jeneza moja kwa kila mwaka wa uhuru. Kabla ya hapo, mradi wa Picha Mtaani ulikuwa umetoa picha za ghasia za 2007 na 2008 na kuzitundika barabarani, mahali mama mboga na makanga wangeziona bila kulipa kiingilio. Majeneza yalikuwa picha safi zaidi, kusema ukweli. Nguruwe walileta kelele, na watetezi wa wanyama walilalamika, nami nawaelewa. Nguruwe hakuomba mshahara wa mtu.

Kuna watakaosema haikusaidia. Ni kweli wabunge waliishia kukubali Sh532,500 lakini wakapewa ruzuku ya magari ya Sh5 milioni kila mmoja. Sawa. Lakini muulize mtu yeyote aliyekuwa na akili timamu mwaka huo akutajie hotuba moja ya mbunge. Hakumbuki. Nguruwe anawakumbuka.

Sasa njoo huku kwetu. Mtu akitaja sanaa na Kitengela kwa pamoja, anamaanisha Kitengela Glass, karakana ya vioo aliyoanzisha Nani Croze. Ni pazuri, lakini pako mbali na stage, na asiye na gari hafiki kirahisi. Huku mjini tuna nini? Barabara ya Namanga, ploti, na waya.

Na huo waya ndio hadithi yetu. Nyanda hizi zilikuwa njia ya nyumbu na pundamilia wakitoka Mbuga ya Nairobi kuja kusini kutafuta malisho. Tumejenga juu yake, mimi na wewe tunaolipa kodi ya nyumba humo. Juni 2012, siku chache tu kabla ya yale majeneza kufika Bunge, simba sita waliuawa hapa Kitengela na wakazi waliochoka kuliwa mbuzi na kondoo. Machi 2016 simba Mohawk aliyetoroka mbugani alipigwa risasi na askari wa KWS kule Isinya, baada ya kumjeruhi mtu. Tulipiga picha, tukatuma, tukabishana siku mbili, basi. Hakuna msanii aliyesimama pale na kutuuliza nani alimvamia nani.

Ningependa kuona mtu akifanya hivyo. Aanzie upande wa kusini wa mbuga, atembee ile njia ya nyumbu akiwa amebeba kichwa cha nyumbu cha waya na magunia, asimame kwenye kila ua unaomzuia, agonge geti, aombe kupita. Avuke Namanga Road matatu zikimpigia honi. Mfugaji aliyepoteza mbuzi awe ndani ya kazi hiyo pia, si mtazamaji, maana hasara ilikuwa yake kabla ya kuwa mada ya Twitter.

Najua mtaniambia siku hizi kusimama barabarani ni kujitafutia. Agosti 2024 wanaharakati watatu walitekwa hapahapa Kitengela, wakakaa kama mwezi mzima ndipo wakaachiliwa. Sitamlaumu atakayeogopa. Ndiyo maana asitembee peke yake, na ndiyo maana simu ziwe zimechajiwa.

Kwa anayetaka kujaribu: sheria inataka polisi wapewe notisi isiyopungua siku tatu na isiyozidi siku 14 kabla ya mkutano au msafara wa umma. Andika nakala mbili, yako igongwe muhuri. Waya wa kutengeneza kichwa unapatikana kwa jua kali yeyote, na magunia nitaleta mimi.